Shamba Jeusi la Koleta

Josepha alikuwa na mtoto mmoja, Kornel, na shamba moja, la mchanga. Mtoto alimpenda kupita kiasi. Shamba alilitukana kila asubuhi kabla hajalitia jembe. Udongo wake ulikuwa mweupe kama unga wa muhogo, mvua ikinyesha unaimeza kama haikunyesha, na mahindi yakiota yanasimama membamba, ya manjano, kama watoto wa mama asiye na maziwa.

Ng'ambo ya njia, umbali wa kurusha jiwe, palikuwa na shamba la wifi yake Koleta, mjane wa kaka yake Dionis. Hilo lilikuwa jeusi. Ukishika konzi ya udongo wake inashikamana, ukiinusa inanukia uyoga. Mahindi ya Koleta yalikuwa mabichi hata mwezi ambao ya wengine yamejikunja majani kama mtu anayesikia baridi. Na Koleta hakuwa na mtoto hata mmoja wa kuyala. Hilo ndilo lililomuuma Josepha, usiku na mchana.

Wote pale walikuwa wa kuja. Serikali ya Waingereza ilipokuta watu wanasinzia mpaka wanakufa kwa malale, iliwatoa katika vijiji vyao vya msituni ikawakusanya mahali pamoja, kando ya ile njia ya zamani ya misafara inayoteremka kusini kutoka Tabora. Kila nyumba ikapimiwa shamba lake. Sheria ya makazi mapya ilikuwa fupi: kata, fagia, choma. Kichaka ni kivuli, na kivuli ni nyumba ya mbung'o, inzi anayeleta malale. Basi watu wakachoma. Mwaka wa kwanza majivu yaliwapa maboga ya kubebwa na watu wawili, wakacheza ngoma. Mwaka wa pili maboga yakawa ya kubebwa na mtoto. Mwaka wa tatu wakaanza kuulizana nani anawaloga.

Koleta hakuchoma. Alikata kama wengine na kufagia kama wengine, lakini majani yake aliyafukia ndani ya matuta, kama alivyomwona mama yake akifanya. Wanawake walipokwenda kuni, walirudi na mzigo mmoja kichwani. Koleta alirudi na miwili: kuni kichwani, na mgongoni gunia la majani yaliyooza, aliyoyazoa chini ya miti ya mitundu na mininga, pamoja na ule udongo mweusi mwororo unaokaa chini yake. Miaka na miaka. Mgongo wake ulikuwa umeanza kupinda kwa ajili ya magunia yale.

"Jamani, mwoneni wifi yangu," Josepha alikuwa akisema njiani, kwa sauti ya kusikika mbele na nyuma. "Mungu kamnyima mtoto wa kulisha, sasa analisha udongo."

Wanawake wakacheka. Koleta naye alikuwa na mdomo wake.

"Udongo nao una tumbo, wifi. Wako umeufungisha Kwaresima, na Pasaka hujaitangaza mpaka leo."

Wakacheka zaidi, na safari hii Josepha ndiye aliyechekwa. Hakusahau.

Mwaka ule Kornel alitaka kuoa. Msichana alikuwa Eustadia, binti wa Mwanangwa Marko, mkuu wa makazi yale. Marko alikuwa mtu wa maneno machache na tumbo kubwa, na jibu lake lilikuwa moja.

"Mimi simchukii kijana wako, mama. Lakini Eustadia hakulelewa ale mchanga. Siku Kornel atakaponionyesha shamba linalolisha watu wawili, aje na washenga wake nitawachinjia mbuzi."

Kornel aliposikia, aliinamisha kichwa, kisha akamwambia mama yake, "Mvua hizi zikiisha sijapata shamba, naenda Tura. Wanatafuta watu wa reli."

Josepha alisikia kama amemwagiwa maji ya kisima. Mume wake naye alikwenda hivyohivyo, kwenye mkonge huko pwani, akasema anarudi baada ya mavuno. Mavuno mangapi yamepita! Mtoto huyu akienda, nyumbani atabaki yeye na panya.

Basi akavuka njia. Alimkuta Koleta anapalilia, akakaa juu ya tuta bila kukaribishwa.

"Wifi, hili shamba ni la kaka yangu."

"Lilikuwa la kaka yako. Sasa analo Mungu na mimi ndiye ninayelima."

"Kornel ni damu ya Dionis. Wewe ni nani? Mwanamke uliyekuja na mkeka mmoja. Mwachie mtoto shamba aoe."

Koleta aliacha jembe. "Niende wapi, Josepha? Kwetu serikali imepafunga, pamerudi kuwa pori. Nimebaki na hapa tu pa kufia." Halafu akasema, kwa wema, "Lakini mlete Kornel. Mlete kesho. Nitakwenda naye msituni, nimwonyeshe majani ya kuchukua na ya kuacha. Miaka mitatu, minne, hata mchanga wako utageuka."

Mtu mwingine angeshukuru. Josepha alisimama akajipangusa kanga.

"Mwanangu abebe takataka kama kuku anayejenga kiota? Miaka minne! Eustadia atakuwa amekwisha zaa watatu kwa mwanaume mwingine." Akavuka njia kurudi kwake, na huo ukawa mwisho wa kuomba. Toka siku ile alianza kutafuta njia nyingine.

Njia yenyewe ilikuja kwa gari.

Alikuja Mzungu mmoja, mrefu, mwenye masikio mekundu, na lori lililojaa sepetu na mifuko ya turubai. Kazi yake, alisema, ni kutazama udongo wa msitu. Watu walidhani amekosea kusema. Lakini kweli akaingia msituni, akachimbisha shimo refu kufika kifuani mahali ambapo moto haukupita miaka mingi, akachimbisha jingine mahali panapochomwa kila kiangazi. Akashuka ndani, akakwaruza kuta za shimo kwa kisu kidogo, akatia udongo mifukoni, tabaka kwa tabaka. Watu wakambatiza jina Bwana Mashimo.

Mkalimani wake aliitwa Twalibu, mtu wa mjini Tabora, wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani, kanzu safi na ulimi mwepesi. Watu walipomzunguka kumuuliza, alijibu akicheka.

"Msiogope, Bwana hali watu. Hata ugali wenu hali, anakula samaki wa kopo."

Wengine walicheka. Wengine hawakucheka. Kwa kuwa wakati ule kila mtu aliijua habari ya mumiani: wale wanaowachimbia watu mashimo, wanawanasa, wanawaning'iniza na kuwatoa damu iende kufanywa dawa. Na pale palikuwa njia ya misafara. Babu zao walijua watu waliopita pale wamefungwa shingoni na hawakurudi. Shimo kando ya njia ile halikuwa kitu cha kuchekea.

Siku moja Bwana Mashimo alipita makazini, akaliona shamba la Koleta, akasimamisha lori katikati ya njia. Akashuka. Akachukua konzi ya udongo, akaifinya, akainusa, akasema maneno mengi.

"Mama," Twalibu akamwambia Koleta, "Bwana anauliza udongo huu umeutoa wapi."

"Ni uleule wa wenzangu," Koleta akasema. "Nimeulisha tu." Akaeleza majani yake na magunia yake, na watu walikwishajaa pembeni.

Mzungu alifurahi kama mtoto. Akaomba ruhusa achimbe, na Koleta, mjinga wa watu, aliyechekwa miaka yote, akaona leo amepatikana mtu wa kumsifu. Akakubali. Wakang'oa mashina ya mahindi katikati ya shamba, wakachimba mpaka kifuani. Juu palikuwa peusi, kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko. Chini yake kahawia. Chini kabisa pekundu, rangi ya nyama.

Kisha Bwana Mashimo akataka kuwaonyesha watu. Alitandika turubai, akawasha jiko dogo la mafuta ya taa, akapima kijiko cha udongo wa Josepha na kijiko cha udongo wa Koleta kwa mizani ndogo, akautia kila mmoja kwenye kisahani cha chuma, akavichoma mpaka vikawa vyekundu kwa moto.

"Bwana anasema," Twalibu akatangaza, "jani likianguka haliendi bure. Mchwa na kuvu wanalila. Sehemu yake inarudi hewani kama pumzi yako na yangu, na sehemu inabaki chini, miaka na miaka. Huo ndio weusi, na huo weusi ndio unaoshika maji na chakula cha mimea. Nyinyi mkichoma majani, karibu yote yanapanda na moshi. Sasa tazameni. Weusi wa mama huyu nao ukiingia motoni utapanda vilevile, na uzito utapungua."

Vikaopolewa. Kisahani cha Josepha kilikuwa vilevile, mchanga ni mchanga. Kisahani cha Koleta, ule udongo mweusi wote, ulikuwa umegeuka mwekundu.

Mwekundu hasa. Watu waliona kwa macho yao. Hata Twalibu akaacha kucheka. Mzungu peke yake alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha, akionyesha mizani, akisema uzito umepungua, uzito umepungua.

Josepha hakuona uzito. Aliona nyuso za wenzake. Akainama sikioni mwa Katarina, jirani yake, mwanamke ambaye ukimnong'oneza asubuhi, jioni imefika kisimani.

"Mama, umeona? Imetoka ile iliyokuwa ndani."

Hakusema zaidi. Katarina alikuwa fundi wa kumalizia.

Bwana Mashimo akapakia mifuko yake, akaacha mashimo wazi, kwa kuwa alisema atarudi kiangazi kuchukua udongo mwingine, akaenda zake Tabora. Alipokwishaondoka, mrina asali mmoja wa pale makazini, Yahaya, hakuonekana. Mke wake akalia nyumba kwa nyumba. Mizinga yake iko msituni, shoka lake liko nyumbani, yeye hayupo.

Kumbe Josepha alijua alipo Yahaya. Alimkuta njiani alfajiri ya siku ile aliyotoweka, na bunda lake, na Kornel alikuwepo, tena alimsaidia kulifunga. Yahaya alikuwa amechoka na mdomo wa mke wake, anakwenda Tura kujaribu reli. "Mkisema mmeniona," aliwaambia akicheka, "nitasema mlinipa chakula cha njiani."

Kornel aliposikia kilio, alisimama. "Mama, yule mwanamke anamlilia mtu mzima anayevuta sigara Tura. Nakwenda kumwambia."

"Kaa chini."

"Mama..."

"Unamtaka Eustadia humtaki?"

"Namtaka."

"Basi kaa chini, ufunge kinywa, ule michembe yako ya viazi."

Kornel akakaa. Akala. Josepha aliona jinsi alivyokuwa akitafuna polepole kama mtu anayetafuna kamba, lakini alijiambia, kijana akishalala na mke wake atasahau.

Jumapili baada ya sala watu hawakutawanyika. Hakuna aliyewaita. Walitembea pamoja mpaka shambani kwa Koleta, Mwanangwa Marko mbele, wanaume na fimbo, wanawake na vitambaa vya kanisani bado kichwani. Koleta alikuwa ametangulia kutoka kanisani. Walimkuta anachuma majani ya maboga. Alidhani wamekuja kulitazama shimo.

"Yahaya yuko wapi?" Marko akauliza.

"Yahaya yupi?"

Fimbo ya kwanza ilimpata mabegani. Ya pili ikaangusha kapu. Wakamsukuma mpaka shimoni, wakamtia ndani, akasimama humo, kichwa na mabega vikichomoza kati ya mahindi yake mwenyewe. Mke wa Yahaya akamrushia bonge la udongo, na wengine wakaona ni vema.

"Sema umewauza wangapi! Shamba lako linakunywa nini, wakati yetu yamekauka?"

"Majani," Koleta akasema. "Majani, jamani, majani tu! Mmeniona nikibeba!"

"Majani hayatoki mekundu!"

Alikuwa akitazama uso mmoja baada ya mwingine, damu ikimchirizika sikioni, mpaka akamwona Josepha amesimama mstari wa mbele.

"Wifi," akasema, na sauti yake ikashuka kabisa, kama anamwomba chumvi. "Wifi yangu. Wewe tumekwenda kuni pamoja miaka yote. Uliniona nikizoa. Ulinicheka. Waambie nilikuwa nabeba nini."

Watu wote wakamgeukia Josepha. Jambo lilikuwa mikononi mwake, dogo kama yai. Nyuma yake alimsikia Kornel akivuta pumzi.

"Nijue nini mimi?" Josepha akasema. "Gunia lilikuwa limefungwa. Kilichokuwamo anakijua mfungaji."

Koleta akamtazama. Aliacha tu kujikinga uso kwa mikono, na mabonge yakaendelea.

Hawakumuua, wasije wakaitwa boma. Wakamtoa shimoni, Marko akamwonyesha njia ya kusini, ile inayokwenda Sikonge kupita porini, kwenye mbung'o, mahali ambapo serikali ilikataza mtu kulala. Hawakumruhusu kuingia ndani kuchukua hata kibuyu. Alivuka mbele ya mlango wa Josepha akichechemea, mgongo umepinda kama kawaida yake, isipokuwa safari hii hakuwa na gunia. Hakuna aliyeuliza baadaye kama alifika au hakufika. Mwenye nyumba jirani alichukua mlango wake wa mabua akautia kuni.

Josepha alisubiri siku zipite kidogo, kwa heshima, kisha akaenda kwa Mwanangwa Marko.

"Shikamoo, Mwanangwa."

"Marahaba."

"Lile shamba ni la marehemu kaka yangu. Mahindi yameiva ya kuchoma. Ukiniruhusu, Kornel ataingia, na habari ile nyingine ya washenga itakuwa nyepesi."

Marko alikuwa na njaa kama watu wake. Mwaka ule matuta ya mchanga hayakutoa kitu, watu walikuwa wakichemsha mlenda mtupu, na katikati ya makazi yalisimama mahindi ya Koleta, manene, ndevu zimekauka, hakuna mkono unaoyagusa. Watoto walikatazwa hata kuyaelekeza kidole. Marko aliyataka, na aliyaogopa.

"Wewe unasema shamba ni safi?"

"Uchafu ulikuwa wa mwenyewe, na mwenyewe amekwenda."

"Basi uyale wewe kwanza. Mbele ya watu. Tukuangalie mpaka Jumapili. Ukiwa mzima, shamba ni la kijana wako, na mimi nachinja mbuzi."

Josepha karibu acheke. Alikuwa anajua shamba lile limelishwa nini kuliko mtu yeyote pale. Hakuna aliyepata kuonja mtihani mwepesi kama huo. Wakakoka moto kando ya njia, watu wakakusanyika, akaingia mwenyewe kati ya mahindi, akapita kando ya shimo bila kuliangalia, akavunja mawili. Akayachoma. Harufu ilipopanda, watoto walianza kulia. Akala la kwanza punje kwa punje, taratibu, apate kuonekana. La pili alilila kwa njaa, haraka, mate yakimtoka, maana naye hakuwa amekula kitu cha maana mwezi mzima. Alipomaliza alirusha bunzi tupu la hindi barabarani, akapiga kofi tumbo lake.

"Njooni mnione, basi! Mumiani wenu huyu hapa, anahitaji chumvi tu!"

Baadhi yao walicheka. Katarina alicheka sana.

Lakini mtoto wa mwisho wa Katarina, msichana wa miaka mitano hivi, aliokota bunzi lile lililotupwa. Alilinyonya. Halafu, kwa kuwa ameonja, wakati wa jua kali watu wamepumzika, alijipenyeza shambani akavunja hindi akalila bichi, nusu, na tumbo ambalo kwa siku nyingi lilikuwa halina ila maji ya mlenda. Jioni alianza kuhara. Alihara siku zote zile ambazo watu walikuwa wakimwangalia Josepha. Ijumaa akafa, mdogo kama kifaranga.

Josepha, kwa upande wake, alikuwa hajawahi kuwa mzima kama juma lile. Alikuwa akirudi shambani kila asubuhi, mbele ya watu, akichuma, akichoma, akila. Mashavu yalimrudi. Ngozi iling'aa. Alikuwa akitembea taratibu ili waone vizuri. Msibani kwa Katarina alifika na kapu la mahindi kichwani, kama jirani mwema, akaliweka chini katikati ya wanawake waliokuwa wanalia. Kilio kikakatika.

Katarina aliinua uso uliovimba, akalitazama kapu, akamtazama yeye, kuanzia miguuni mpaka kichwani.

"Wewe umekula mangapi, Josepha?"

"Mengi, mama. Nimeyala bila kuhesabu. Hayana kitu, ni..."

"Mwanangu alikula nusu."

Hakupiga kelele. Alisema vile tu. Na Josepha, aliyejua kuzisoma nyuso za watu kuliko mtu mwingine, akazisoma zote pale kwa mara moja: kama mahindi ya shimo lile yanaua, na huyu hayamuui, yanamnenepesha, basi mwenye shimo alikuwa nani? Koleta alikuwa amekonda siku zote.

"Alikuwa mtoto," Josepha akasema. "Alikula bichi, na tumbo tupu. Hata ng'ombe... Sikilizeni. Ni majani! Yule alikuwa anabeba majani ya msituni, mimi nimeona kwa macho yangu, mninga na mtundu, yameoza, hakuna kingine!"

"Si ulisema gunia lilikuwa limefungwa?" mke wa Yahaya akauliza.

Josepha angemtaja Yahaya na reli ya Tura, lakini angesema amejua toka lini?

Jumapili Mwanangwa Marko alikuja mpaka mlangoni kwake, ila hakuvuka kizingiti, wala hakukaa kwenye kiti alichotolewa. Mikono aliikunja nyuma, isije ikashikwa.

"Umekuwa mzima," akasema.

"Nimekuwa mzima, Mwanangwa. Kama tulivyopatana."

"Shamba ni lako. Hakuna atakayekugusa, tulimgusa yule, na bado msiba ukaingia. Kaa na shamba lako. Maji utachota jioni, wenzako wakishachota."

"Na Eustadia?"

Marko alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Binti yangu akalale nyumba ya mtu asiyedhurika?" Akatema mate pembeni, akaenda.

Kornel alikuwa ndani, amesikia yote. Alikwisha funga bunda lake. Lilikuwa dogo, shati na blanketi. Josepha alimshika mkono akamvuta nje, mpaka kando ya shamba jeusi, akimwonyesha kama vile hakuwahi kuliona.

"Lako hili. Tazama! Lote hili! Mwanamke atapatikana kwingine, Wasukuma wa kule Choma wana mabinti, hawajui habari za huku. Nimekufanyia wewe, Kornel. Nilikuwa na nani mwingine?"

"Najua mama ulinifanyia mimi," Kornel akasema. "Ndiyo maana siwezi kukaa."

"Reli ile itakumeza kama baba yako!"

"Labda."

"Ulikuwepo," Josepha akasema, na sasa sauti yake ilikuwa kali, inatafuta pa kuuma. "Ulikuwepo pale shimoni nyuma yangu. Ulikuwa na ulimi. Mbona hukuutumia? Usijifanye mtakatifu kwangu. Tumemla wote wawili."

Pengine ndilo neno la kweli pekee mama yake alilokuwa amesema mwezi ule, na lilimpata mahali pake. Kornel aliitikia kwa kichwa mara moja, akauweka mzigo wake begani.

Josepha aliona anakwenda kweli. Akakimbilia kati ya mahindi, akavunja mawili makubwa, yenye maganda mabichi, akamfuata njiani akihema.

"Chukua basi haya. Utachoma njiani. Mpaka Tabora ni mbali, huna kitu tumboni. Kornel! Chukua mwanangu, usiondoke kwangu na njaa."

Njiani walikuwa wanapita wanawake watatu kutoka kuni. Walisimama mbali, wakasubiri kuona atafanyaje. Kornel aliwaona. Aliyapokea mahindi kwa mama yake kwa mikono miwili, kama mtoto aliyelelewa vizuri, akainama, akayalaza chini kando ya njia polepole, yasivunjike. Kisha akaondoka. Wanawake wale nao wakapita, kila mmoja akanyanyua kanga yake isiguse maganda, na Josepha alipowasalimu "Mwangaluka" wakatazama mbele.

Josepha alibaki amesimama mpaka njia ikawa tupu pande zote mbili. Akayaokota mahindi yake, akayapangusa mchanga, akarudi nayo ndani kuwasha moto.